Zamu ya Kipa

Siku ile shambani kwetu walikuwepo nahodha wa timu yetu ya mpira, ambaye siku za kazi alikuwa fundi cherehani pale sokoni Makere; mabeki wawili, ndugu wa tumbo moja, wafyatua matofali; winga wa kushoto, aliyekuwa akipeleka ndizi Kasulu kwa baiskeli; kocha, mwenye duka, mtu wa asili ya pwani, ambaye hakushika jembe bali alikalia ndoo iliyopinduliwa, redio yake mapajani; na kipa. Walikuwepo pia wadogo zangu wawili wa kike, mkubwa jikoni na mdogo akileta maji. Na mimi. Nawataja wote kwa sababu kila aliyeshika jembe siku ile nilipaswa kumrudishia siku yake, na nimewarudishia wote isipokuwa mmoja.

Kwetu kazi ya namna hiyo tunaiita ikibiri. Unawaita watu waje kulima kwako, unawapikia, halafu unaenda kulima kwa kila mmoja kwa zamu, siku kwa siku. Huwezi kulipa kwa fedha wala kwa kuku. Huwezi kumtuma ndugu yako. Mkono uliolimiwa ndio unaokwenda kulima.

Mwaka ule nilikuwa na jipu pajani, likanilaza Septemba karibu yote. Wenzangu walipokuwa wanamaliza kuandaa mashamba, letu lilikuwa bado nyasi tupu. Miaka ya nyuma mama alitangulia kufa, baba akamfuata kabla ya mwaka kuisha, nikaacha shule nikiwa darasa la sita ili nikae na wadogo zangu. Tangu hapo tulikuwa watatu na hatukuwahi kulala njaa siku mbili mfululizo. Lakini baba yetu mdogo alikuwa amekuja kutoka Muyama, akasimama ukingoni mwa shamba, akatazama zile nyasi, akasema tusipopanda kwa mvua za kwanza angewachukua wadogo zangu, mmoja akae kwake na mwingine apelekwe kwa shangazi. Hakusema kwa ubaya. Aliona hesabu haikubali. Mimi nilibaki kitandani nikisikiliza radi ya mbali, nikijua kwamba mvua ikifika kabla ya jembe, nyumba yetu itabaki na mtu mmoja.

Kipa ndiye aliyeiona ile hali. Alipita kwenda mazoezini, akaona nyasi, akaenda kumwambia nahodha. Jumamosi wakaja na majembe.

Kipa alilima taratibu, akishika mpini kwa mbali kana kwamba jembe litamponyoka.

"Kipa, hiyo si kona," nahodha alimwambia. "Likamate."

"Wewe nyamaza, fundi. Mstari wako umenyooka kwa sababu umezoea kufuata chaki."

"Na wako umepinda kwa sababu gani?"

"Nafuata mpira unakokwenda."

Kocha akapunguza sauti ya redio. "Kama mnavyolima ndivyo mtakavyocheza kesho, semeni mapema, niuze jezi ninunue sukari ya dukani."

Jua lilipofika kichwani shamba lilikuwa limekwisha. Walikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na wakati wa kunawa nikawauliza zamu zao. Kila mmoja alitaja siku. Kipa akatikisa mikono ikauke, akasema, "Yangu iwe ya mwisho. Langu ni dogo na liko bondeni, udongo wake hauna ukali. Anza na hawa wenye haraka."

Wiki ile ile nikapanda. Mvua ya kwanza ilipopiga, mahindi yalikuwa tayari ardhini, na baba mdogo hakurudi kuulizia wadogo zangu.

Nieleze kwa nini watu wa timu walikuja kwa binti wa miaka kumi na minane. Baba alikuwa mchora mistari wa uwanja wetu. Alikusanya majivu jikoni kwa watu, akayachekecha, akayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, kisha akatembea kinyumenyume akifuata kamba. Mimi nilishika upande wa pili wa kamba tangu nikiwa mdogo. Alipofariki, Jumamosi iliyofuata nilichukua kopo nikaenda uwanjani, na hakuna aliyenifukuza. Wanawake walionipa majivu walicheka. "Huyu ataolewa na goli," walisema, lakini walinijazia ndoo.

Nikishachora mistari, nilisimama nyuma ya goli la kaskazini. Wanaume walikaa upande wa mabenchi, na wasichana wa rika langu, kama walikuja, walikuja wawili wawili na hawakuangalia mpira. Mimi sikuwa wa huku wala wa kule. Tena kutoka pale niliiona nyumba yetu ng'ambo ya uwanja, juu ya mteremko. Moshi ukitoka jikoni nilijua wadogo zangu wamewasha moto, mambo ni salama, naweza kuangalia mpira mpaka mwisho.

Kipa alilijua hilo. Kipindi alichokaa goli la kaskazini aliniuliza bila kugeuza kichwa, "Moshi umetoka?"

"Bado."

Baadaye kidogo, mpira ukiwa upande wa pili, "Na sasa?"

"Umetoka, kaka."

"Haya. Tucheze."

Kipindi kingine alihamia goli la kusini, na mimi nilibaki na kipa wa wapinzani, ambaye sikumsemesha. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya wiki na mtu mzima asiyekuja kunishauri au kunihurumia. Kipa wetu alikuwa na mke na watoto watatu. Alifika kwetu kutoka ng'ambo ya mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, zaidi ya miaka ishirini nyuma, na Kiha chake kilikuwa chetu isipokuwa maneno machache ambayo mabeki walipenda kuyaiga. Shamba lake la bondeni alikuwa amelikodi.

Msimu ule ndio tulikuwa tumepanda ligi ya mkoa kwa mara ya kwanza. Mechi mbili za mwanzo tulishinda, ya tatu tukatoka sare. Mtu aliyetuona wakati ule asingeamini yaliyofuata. Mimi nilikuwa nikirudisha zamu zangu: nahodha, kisha beki mkubwa, beki mdogo, winga. Zamu ya kipa tuliipanga Jumamosi.

Alhamisi kabla yake ikaja habari kwamba mechi ya Kasulu mjini imerudishwa nyuma, itachezwa hiyo hiyo Jumamosi. Kipa alinikuta kisimani.

"Shamba halina miguu," alisema. "Twende Kasulu, tutalima Alhamisi ijayo."

Nilipaswa kukataa. Yeye angekwenda kucheza na mimi ningelima. Desturi haikatazi mwenye shamba kutokuwepo. Ila sikuwahi kwenda mechi ya ugenini hata mara moja maishani mwangu, na nafasi kwenye lori ilikuwepo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Jirani alikubali kukaa na wadogo zangu. Nilivaa kitenge cha mama.

Tulifungwa mbili kwa moja. Kipa aliokoa penalti, mpira ukamrudia mpigaji, akaumalizia. Wakati wa kurudi alikaa karibu yangu kwenye lori, magoti yamechubuka.

"Leo nyuma ya goli ulikuwa bubu," alisema.

"Sikuwa naiona nyumba, kaka."

Akacheka. "Kumbe ndiyo maana nimefungwa. Sikuambiwa kama moshi umetoka."

Wengine walimsikia, wakaanza kunidai mimi magoli yote mawili mpaka tulipofika Makere. Kilikuwa kipigo chetu cha kwanza na hatukukiogopa. Nilishuka kwenye lori nikiwa na furaha, na furaha ile naikumbuka vizuri kwa sababu ndiyo ya mwisho ya msimu ule.

Jumapili likatangazwa agizo la serikali, sokoni na kanisani, kwamba wote waliotoka ng'ambo ya mpaka wakakae kambini, hata waliokuja zamani. Watu walidhani zitapita siku nyingi kabla maneno hayo hayajawa jambo. Jumatano asubuhi malori yalifika. Mimi nilikuwa nimekwenda mbali kutafuta kuni, na niliporudi mdogo wangu mkubwa akaniambia magari yalikuwa yamejaa na watoto wa kipa walikuwa wakilia kuhusu kuku. Winga naye alichukuliwa, kwa kuwa mama yake alikuwa wa kule.

Alhamisi alfajiri nilichukua jembe nikashuka bondeni kama tulivyopanga. Mlango wa kipa ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba. Shamba lilikuwa nyasi, kama letu lilivyokuwa. Sikujua la kufanya nikaanza kulima. Nilijiambia watarudi baada ya wiki, na wakirudi watakuta pa kupanda.

Nilikuwa nimefika kama hatua kumi mwenye shamba, aliyemkodisha kipa, alipotokea.

"Mwakeye, binti."

"Mwakeye, mzee."

"Unamlimia nani hapa?"

"Kipa. Ni zamu yake."

Alizungusha macho shambani, akaenda hadi mwisho wa nilipolima, akalikanyaga bonge moja likavunjika. "Huyo hayupo, na shamba nimeshampa mtu mwingine. Hizo hatua kumi umenilimia mimi. Nashukuru sana."

Hakuwa akinikejeli. Alishukuru kweli, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nilipanda mlima na jembe begani, na njia nzima nilifikiri juu ya Jumamosi. Kama ningekataa lori, shamba lile lingelimwa kwa jina lake. Labda asingevuna, hilo nalijua. Lakini deni lingekuwa limelipwa, kwake, siku yeye akiwa bado ni mtu wa kijiji chetu.

Watu wa Makere wana maelezo yao kuhusu timu yetu kushuka daraja msimu ule. Wapo wanaosema kocha alikuwa mbahili wa kununua viatu, wengine wanasema waamuzi, wengine mvua, kwa maana mvua za mwaka ule hazikuwa za kawaida. Mimi niliuona msimu ukifia mlangoni kwenye ile kamba ya mgomba.

Hatukuwa na kipa wa akiba. Nahodha akaingia golini mwenyewe. Alikuwa fundi hodari wa suruali lakini mipira ya juu aliitazama ikipita kama mtu anayetazama ndege. Tulifungwa tatu, kisha nne, kisha mbili. Majivu niliyomwaga asubuhi yalisombwa na mvua kabla ya mechi kuanza, na mwamuzi akakisia mwisho wa uwanja. Nilichora tena kipindi cha mapumziko, peke yangu, mwavuli wa jani la mgomba kichwani, na wapinzani wakinitazama. Mashabiki walipungua. Kufikia mechi ya mwisho ya nyumbani benchi la wanaume lilikuwa na kocha na watu wachache, na nahodha alipokuja goli la kaskazini nilijaribu kumsemesha.

"Moshi umetoka," nilimwambia.

Akageuka. "Moshi wa nini?"

Nikamwambia si kitu. Alipogeuza uso tena mpira ulikuwa tayari wavuni, na akanikataza kusimama pale. Kwa hiyo dakika zilizobaki nilisimama kwenye kona, mahali ambapo nyumba yetu inafichwa na migomba.

Ilibaki mechi moja, Kibondo. Tukipata sare tungebaki kwenye ligi. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wetu wamewekwa kambi iliyo upande ule, na njia ya kurudi ingepita jirani yake. Asubuhi ya safari nilipanda lori na jembe.

"Binti, unakwenda kulima uwanja?" kocha aliuliza.

"Nina zamu yangu, mzee."

Alielewa, nadhani, kwa maana alisogeza gunia lake nipate pa kuliegemeza. Lori lilikwama mara mbili kabla ya Murungu, na wachezaji waliofika Kibondo walikuwa na matope mpaka magotini kabla ya kugusa mpira.

Nilisimama nyuma ya goli letu, jembe mkononi. Mashabiki wa pale hawakuliacha lile jembe lipite.

"Makere wamekuja na mchimba kaburi wao."

"Dada, anza kuchimba, muda unakwenda."

"Chimba pana, ni watu kumi na moja."

Tulishikilia mpaka karibu na mwisho. Kisha ukapigwa mpira wa juu, wa kawaida kabisa, nahodha akaufuata, akateleza, ukaingia polepole. Bao moja. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuutoa wavuni kwa muda. Nahodha alibaki amekaa pale alipoteleza, akifuta matope kwenye kola ya jezi aliyoishona mwenyewe. Niliweka jembe chini nikaenda kuutoa mpira mimi.

Tulilala darasani, kwenye madawati. Jumapili, wakati wa kurudi, kocha alimwambia dereva asimame karibu na kambi ili atazame bei ya maharage. Ilikuwa siku ya soko na wenyeji waliingia na kutoka. "Nakupa saa mbili," aliniambia. "Sikungojei zaidi."

Niliulizia watu wa Makere, nikamuulizia kipa, nikaelekezwa uwanjani. Walikuwa na uwanja, umekwanguliwa katikati ya nyumba za turubai, na timu mbili zikicheza. Alikuwa golini. Jezi haikuwa yetu. Nilizunguka nikasimama nyuma ya goli lake, na kwanza nikamtazama, kwa sababu alikuwa anacheza vizuri na watu wengine, na watu wengine walikuwa wakimshangilia.

Kisha nikasema, "Mstari wa hapa umepinda."

Mgongo wake ukatulia. Hakugeuka, mpira ulikuwa unakuja. Aliudaka, akaurusha mbali, ndipo akasema, "Hapa hakuna anayechekecha majivu. Tunakwangua kwa jembe."

"Tumeshuka, kaka. Jana."

"Nimesikia." Akapiga hatua mbili kushoto, mbili kulia. "Nani alikuwa golini?"

"Nahodha."

"Mama yangu." Alicheka kidogo, mabega yakatikisika. Halafu akauliza, "Moshi umetoka?"

Nikamwambia siioni nyumba kutoka pale. Hakuniuliza tena.

Mechi ilipokwisha alinipeleka kwa mke wake. Nilimsalimu, nikampa unga niliobeba, kisha nikawaambia nimekuja kulima. Mke wake alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Kisha akanionyesha nyuma ya turubai: kipande cha udongo, hatua tatu kwa mbili, kimeshalimwa, lenga-lenga, mchicha wa kwetu, zimechipua.

"Ndilo shamba letu hilo," alisema. "Nililima kabla ya uji wa asubuhi. Ukitaka kupalilia, leta kijiko."

Nilicheka kwa heshima, kisha nikashindwa kuacha kutazama kile kipande. Nilikuwa nimebeba jembe lile kutoka Makere, na hapakuwa na mahali pa kulitua. Nikamwambia kipa basi nimwachie jembe, litamfaa. Kwetu lilikuwa moja tu na yeye alilijua.

Alilichukua, akalipima mkononi, akashika mpini kwa mbali vilevile. Akanirudishia.

"Hili silo ninalokudai," alisema. "Ukiniachia, siku nikipata shamba utakuja kunilimia kwa kucha?"

"Utalipata wapi?"

"Sijui. Lakini nikilipata nitakuita. Wewe kula upate nguvu."

Alinisindikiza mpaka mahali watu wa kambi waliporuhusiwa kufika. Kocha alikuwa ameshapakia maharage. Nilipanda juu ya magunia, na kipa akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi, kama anavyosimama mbele ya penalti. Lori lilipokata kona nilikuwa bado naiona mikono.

Mahindi yale yalitosha mwaka mzima. Wadogo zangu hawakugawanywa. Mkubwa alimaliza darasa la saba, mdogo alienda mbele zaidi, na wote wawili niliwatoa nyumbani kwa harusi, nikabaki na nyumba. Timu haikupanda tena; nahodha alirudi kwenye cherehani, mabeki walihamia mjini, uwanja ukapandwa mihogo nusu. Kopo la baba ninalo.

Miaka kadhaa baadaye niliuliza habari za kipa kwa watu waliotoka kambini. Mmoja aliniambia amerudi ng'ambo, mwingine alisema alihamishiwa kambi nyingine, wa tatu alimkumbuka kama mlinda mlango lakini hakumkumbuka kama mtu. Hakuniita. Labda hajapata shamba. Labda amepata na ameona ni mbali.

Nimeitwa kwenye ikibiri nyingi tangu wakati ule, na nimewaita watu kwangu, na zamu zote zimerudishwa ndani ya msimu wake. Ya kipa haijarudishwa. Ni siku moja, tangu alfajiri mpaka jua kichwani, kwa mkono wangu mwenyewe, na shamba silijui liko wapi.